Jumba la kwenye lebo ya Haut-Brion: nani alilijenga?

Mhudumu_Bordeaux: Wakuu, habari za jioni. Nahudumu mgahawani hapa Bordeaux, Ufaransa. Wageni wakiona chupa ya mvinyo wa Château Haut-Brion, swali ni lile jumba la kwenye lebo. Ni la kweli au pambo tu? Na mvinyo huu wa Pessac, kando ya jiji, umeingiaje daraja la kwanza pamoja na wa Médoc, eneo la mizabibu la kaskazini?

MzeeMizabibu: La kweli kabisa, kijana, lipo hapo Pessac, siku hizi limezungukwa na makazi ya watu. Aliyelijenga ni Jean de Pontac. Mwaka 1525 alimwoa Jeanne de Bellon, na bibi harusi akaja na ardhi (ndiyo, huko mali ilitoka upande wa mke!). Pontac akaongeza viwanja vya jirani, na mwaka 1549 akaanza kujenga. Tazama akili yake: jumba alilishusha chini ya kilima, hakulipandisha kileleni. Changarawe ya juu ni ya mizabibu, wewe mwenye nyumba utalala popote.

Ila kwangu mimi ujanja mkubwa ni wa wazao wake. Enzi hizo mvinyo uliuzwa kama "wa Bordeaux", basi. Wao wakauza jina la shamba lao. Mwaka 1663 Samuel Pepys, ofisa Mwingereza, aliunywa London, akaandika "Ho Bryan" kwenye shajara yake na kuusifia ladha. Baada ya moto mkubwa wa 1666, akina Pontac wakafungua tavani (nyumba ya vyakula na vinywaji) yao wenyewe mjini humo.

Kuhusu daraja: mwaka 1855 madalali wa mvinyo wa Bordeaux walipanga orodha ya madaraja kwa ajili ya Maonyesho ya Paris, na kipimo chao kilikuwa bei ya sokoni. Haut-Brion iliuzwa sawa na Lafite, Latour na Margaux, mivinyo mikubwa ya Médoc. Wangeiachaje? Katika mivinyo myekundu ya orodha ile, ni yenyewe tu iliyotoka nje ya Médoc.

Binti_Pwani: Shikamoo mzee. Nasikia mali sasa ni ya Wamarekani?

MzeeMizabibu: Marahaba mwanangu. Clarence Dillon, mwenye benki wa New York, aliinunua 1935. Bado ni ya ukoo huo. Anayeiongoza ni kitukuu wake, Prince Robert wa Luxembourg.

Mhudumu_Bordeaux: Asante sana mzee. Mgeni mmoja alishikilia kwamba jumba ni la Talleyrand, yule mwanadiplomasia wa Ufaransa.

MzeeMizabibu: Talleyrand alilimiliki 1801 hadi 1804 tu. Mmiminie, usibishane naye.