Umeme wa Ethiopia kuja Kaskazini: nguzo zipo, waya upo, soko la umeme mmelificha wapi?

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira. Kila habari ya kununua umeme Ethiopia inapotajwa, mjadala unageuka ugomvi wa uzalendo. Huyu anasema tuna Bwawa la Nyerere, ya nini kwenda kununua kwa jirani, ni aibu ya taifa. Yule anajibu wataalamu wameshapiga hesabu, nyamazeni. Mimi niko Hai, Kilimanjaro, nina mashine ya kusaga na kukoboa, na pande zote mbili zimenichosha.

Saa moja jioni, watu wakishawasha taa, tivii na pasi, mita ya volti niliyofunga ukutani haisomi 400 tena. Inasoma 320, siku nyingine 310. Mota haiwaki kwa umeme huo. Inanguruma, mkanda unatetemeka, puli haizunguki, na usipowahi kuzima unaanza kunusa vanishi ya nyaya za ndani. Oktoba nilichelewa sekunde chache tu. Kuisuka upya ilinigharimu laki nne na nusu, na mama aliyekuwa kwenye foleni na debe mbili za mahindi aliondoka nazo kichwani kama alivyokuja. Siku hizi nasaga kuanzia saa tano usiku, watu wakishalala. Nilipouliza, nikajibiwa: "Mzee, wewe uko mwisho wa laini."

Nakubali. Bwawa la Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, lakini liko Rufiji. Umeme unatoka pale hadi Chalinze, halafu ndio uanze safari ya kuja huku, na njia nzima unapungua. Machi 2025 Rais Samia akiwa hapa Kilimanjaro alisema upotevu huo kwa Kaskazini unagharimu shilingi bilioni 32 kwa mwaka, kwa hiyo ni afadhali kununua Ethiopia. Alirukiwa na watu wengi. Kwenye hilo mimi simrukii.

Tena kuna sababu kubwa zaidi ya upotevu, na sijaona kiongozi akiisimamia vizuri. Mtera, Kidatu, Kihansi na hilo Bwawa la Nyerere vyote viko bonde moja, la Rufiji. Mvua ikigoma Iringa na Mbeya, vyote vinaumia kwa pamoja. Milima ya Ethiopia inanyeshewa zaidi kati ya Juni na Septemba, wakati sisi tuko kwenye kiangazi na mabwawa yetu yanashuka. Sisi tunajaza wakati wa masika, Machi hadi Mei, wao wakiwa bado wanasubiri mvua zao kubwa. Ukiwa na akili ya duka tu unaona hapo kuna biashara: miezi hii nikuuzie, miezi ile uniuzie.

Mnakumbuka mwanzo wa 2024? Tulitoka kwenye mgao, saluni zimefungwa mchana, samaki wameozea kwenye friji. Haikupita muda, Machi tukatangaziwa kwamba vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi kwenye gridi. Taifa limetoka gizani juzi, leo linazima mitambo kwa kukosa pa kupeleka umeme. Hapo ndipo jirani mnunuzi anapohitajika, na hapo ndipo ninapokasirika.

Waya upo, wakuu. Laini ya kilovoti 400 kutoka Singida kupita Arusha na Namanga hadi Isinya, Kenya, imeshawashwa. Kutoka Kenya kwenda Ethiopia kuna laini ya kilovoti 500 ya zaidi ya kilomita 1,000. Wakenya wananunua huko tangu Novemba 2022, megawati 200 kwa kuanzia, kwa senti 6.5 za dola kwa uniti, na bei hiyo iko hadharani. Wala kuuziana umeme na jirani si jambo jipya kwetu. Bukoba wamekaa miaka mingi kwa umeme wa Uganda, Sumbawanga kwa umeme wa Zambia. Kwenye mtambo wa maji wa Rusumo tumegawana megawati 80 sawasawa na Rwanda na Burundi. Kwa hiyo hili neno "aibu ya taifa" naomba mliweke pembeni.

Aibu ni hii. Mwaka 2014 serikali yenyewe ilipitisha mpango wa mageuzi ya sekta ya umeme wa kuanzia 2014 hadi 2025. Ufuaji, yaani kuzalisha umeme, ulitakiwa utenganishwe na usafirishaji na usambazaji kufikia 2017, baadaye usambazaji ujitegemee, na hadi 2025 tuwe na soko la ushindani. Mwaka 2025 umepita. Hadi leo anayefua, anayesafirisha, anayesambaza, anayenunua kwa wengine na anayeandika hesabu ni yule yule mmoja, TANESCO. Mwenye bwawa dogo la maji Njombe akitaka kumuuzia mtu wa Nairobi umeme, lazima apitie kwa mshindani wake, ambaye pia ndiye mwenye barabara, yaani nyaya za kusafirishia. Barabara hiyo ina nauli kiasi gani? Nani wa kwanza kupakia laini ikijaa? Kenya ikikata kwa hitilafu saa mbili usiku, nani anamlipa nani?

Bila majibu ya maswali hayo hakuna biashara. Kuna wakubwa wawili kupeana mikono hotelini na sisi kupokea bili.

Uganda walitenganisha mwaka 2001, kampuni moja ya kufua, moja ya kusafirisha, moja ya kusambaza. Kenya wana kampuni ya usafirishaji inayojitegemea tangu 2008. Najua mtanijibu kwamba Uganda umeme ulikuwa ghali na mwaka 2025 usambazaji ukarudi mikononi mwa serikali. Kweli kabisa. Lakini kutenganisha si kuuza! Uganda waliongeza mkataba wa mwekezaji juu ya kutenganisha, na ule mkataba ndio waliokuwa wakiulalamikia. Sisi tunaweza kuwa na kampuni tatu, zote za umma asilimia mia, kila moja na vitabu vyake, na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ikatangaza nauli ya kupitisha umeme kama inavyotangaza bei za mafuta kila mwezi. Hapo mnyonge anaumia wapi?

Na msiniambie mkataba wa kununua umeme Ethiopia ni siri ya nchi. Nchi hii imeshaungua kwa mikataba ya umeme ya kificho. Mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond ulimwondoa Waziri Mkuu mwaka 2008, na 2014 Bunge zima lilihangaika na sakata la fedha za umeme za akaunti ya Escrow. Baada ya hayo yote, mtu anakuja kuniambia nimwamini tu kuhusu bei ya umeme unaovuka nchi mbili na kulipwa kwa dola, wakati mimi nalipia LUKU kwa shilingi?

Ninachotaka akijue kila mbunge wa Kaskazini anayepita hapa. Wekeni mezani bei ya Ethiopia na nauli ya Kenya, tuone inagota Arusha kwa shilingi ngapi. Semeni mpango wa 2014 umekufa au uko hai, na kama umekufa, aliyeuzika ajitokeze. Viwanda vikubwa viruhusiwe kujinunulia moja kwa moja, vipungue kwenye hii laini ninayogombania nao jioni. Na laini za ndani zikarabatiwe, maana umeme wa Ethiopia ukifika Arusha ukiwa mzima halafu ukapita kwenye nyaya hizi hizi za kwetu, huku Hai mita yangu itaendelea kusoma 310.

Mwenye nakala ya mkataba, au aliyeuona ukijadiliwa kwenye kamati yoyote ya Bunge, auweke hapa. Nitausoma usiku huu huu, kuna magunia sita yananisubiri na umeme haujapanda bado.