Tupeane uzoefu: injini ya ndani ya boti ilikufundisha nini?

Fundi wa Pasua

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi dizeli hapa Moshi, gereji yangu ipo Pasua. Miaka kumi na minne nimeshika malori, matrekta na jenereta. Mwezi uliopita nililetewa kazi ambayo sikuwahi kuifanya: injini ya silinda nne iliyotolewa kwenye boti ya mbao ya Nyumba ya Mungu, ile inayovusha watu na samaki kati ya upande wa Mwanga na upande wa Simanjiro. Asili yake ni injini ya lori, ila iliongezewa vifaa vya kuipoza kwa maji ya bwawa.

Nikaifanyia ovaholi kwa uangalifu wote. Siku ya kuijaribu nikaiweka kwenye stendi pale gereji, nikawasha. Ikanguruma vizuri mno. Dakika ya pili nasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikadhani ni mkanda. Nilipozima na kufungua, nikakuta ile pampu ya kuvuta maji ya bwawa ndiyo iliyoungua. Ndani yake kuna impela, yaani kigurudumu cha mpira chenye mabawa sita cha kusukuma maji, na kinachoilainisha ni maji yenyewe yanayopita. Ikizunguka kavu, inajisaga.

Impela mpya niliagiza Dar, ikachukua siku tisa kufika. Siku tisa zote watu wa kule wanazunguka bwawa kwa pikipiki. Gharama nililipa mimi, na ilikuwa haki nilipe.

Najua huku kwetu mlimani wamo watu waliofanya kazi Tanga, Pangani, Mwanza, Kigoma. Naomba tuelezane yaliyotukuta. Lori likizimika unakata majani unayaweka barabarani, unasubiri msaada. Boti ikizimika katikati ya bwawa lenye viboko, majani utayaweka wapi?

Wa Tengeru

Fundi, pole sana. Yangu ni ya petroli na nitaieleza yote, kwa sababu naona watu wa Arusha wanaanza kununua boti ndogo za mitumba za petroli kwa ajili ya kupeleka wageni pwani.

Nilikuwa msaidizi wa nahodha Pangani, tunapeleka wageni Kisiwa cha Maziwe. Boti ilikuwa na injini ya petroli ndani, chini ya sanduku la mbao upande wa tezi, yaani nyuma. Staata ikafa. Mwenye boti akanunua staata ya gari ndogo, ikaingia vizuri, bei robo ya ile ya boti. Tukamsifu kwa kubana matumizi.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Kwenye gari, petroli ikivuja inadondoka barabarani na upepo unauchukua mvuke wake. Kwenye boti haina pa kwenda: inashuka mpaka kwenye banduru, yaani chini kabisa ndani ya boti, na kulala pale, huioni. Na staata ya gari inatoa cheche ndani yake kila inapozunguka. Ile ya boti imezibwa makusudi ili cheche isikutane na mvuke. Bei tuliyoikwepa ndiyo ilikuwa inalipia hiyo kazi.

Asubuhi ile tulijaza mafuta, tukafunga tangi, mwenzangu akageuza ufunguo palepale. Sikusikia mlio mkubwa kama watu wanavyodhani. Ilikuwa kama mtu amepuliza kwa nguvu, halafu sanduku la injini likaruka. Mwenzangu aliungua mikono yote miwili na shingo. Namshukuru Mungu wageni walikuwa bado ufukweni wanavua viatu.

Tangu siku ile, petroli kwangu ina utaratibu. Wakati wa kujaza, watu wote washuke, injini izimwe, milango na vifuniko vyote vifungwe mvuke usiingie ndani. Baada ya kujaza vifunguliwe, kisha feni ya kutolea hewa kwenye chumba cha injini iwashwe dakika nne kamili kabla ya kugusa ufunguo. Halafu unainua kifuniko na kunusa kwa pua yako, maana feni inaweza kuwa inazunguka na bomba lake limechomoka. Ukisikia harufu ya petroli hata kidogo, huwashi mpaka uone inakotoka.

Dogo wa Sakina

Kaka, kwa nini hizi mashine za kuning'iniza nyuma hazina shida hiyo?

Wa Tengeru

Mdogo wangu, ile ipo nje, upepo unaipiga pande zote. Tangi lake likiwekwa ndani ya boti mahali palipofunikwa, tahadhari ni ileile.

Mama Perege

Mimi si fundi. Nanunua perege Lang'ata, nauza sokoni Mbuyuni, mwaka wa kumi na moja sasa. Nimesoma maneno yenu nikaona niseme ya abiria, kwa sababu tunaokaa juu ya hizo mashine ni sisi.

Boti niliyopanda siku hiyo ilikuwa na shafti iliyo wazi, kile chuma kirefu kinachozungusha propela, kuanzia kwenye giaboksi hadi inapotoboa kwenda majini. Ubao tuliokalia unapita juu yake. Tulikuwa tumebanana na matenga ya samaki, kanga yangu ikashuka upande mmoja bila mimi kujua. Shafti ikaidaka. Sikupata hata nafasi ya kupiga kelele. Nilivutwa chini kama mtu aliyeshikwa mguu na mamba, goti likapiga chuma, na kovu lake ninalo hadi leo. Kilichoniokoa ni kwamba kanga nilikuwa nimeikunja tu kiunoni, sikupiga fundo. Ilifunguka ikaenda yenyewe. Kijana wa boti akavuta waya wa kuzimia.

Kanga ilijizungusha mpaka wakaikata kwa kisu vipande vipande, na pale shafti inapotokea maji yakaanza kuingia. Wanaume wawili walikomba kwa ndoo mpaka tukafika.

Sasa nikifika ufukweni naangalia kwanza kama shafti imefunikwa kwa sanduku. Kama haijafunikwa sipandi, hata samaki wangu wakiharibika. Mwanzoni waliniita mama matata. Siku hizi boti mbili za pale zimefunika. Mbao tu na misumari, kazi ya asubuhi moja. Nanyi mafundi mnaosoma hapa, mkimaliza kutengeneza mashine msirudishe boti bila hicho kifuniko. Nawaomba sana.

Fundi wa Pasua

Mama, pole na asante. Hii boti niliyonayo shafti ipo wazi vilevile. Nitaifunika kabla haijabeba mtu.

Mzee wa Mashine

Vijana wangu, hamjambo. Mimi nipo Kibosho, nimestaafu. Nilikaa chumba cha mashine kwenye boti za mizigo za Mwanza tangu 1978 mpaka 2004.

Fundi, kabla ya yote nakuuliza: impela ilipokatika, vipande ulivihesabu?

Ukishajibu hilo, nitakwambia jinsi tulivyofundishwa kuamka na mashine. Kwanza unainua mbao za sakafu. Unaangalia banduru kuna nini: maji ya kawaida, maji yenye oili, au dizeli. Hapo mashine imeshakusimulia usiku wake. Unashika kila mpira wa maji kwa mkono, uliolainika kama embe bivu unabadilisha. Kila mpira ulio chini ya usawa wa maji ufungwe klipu mbili kila ncha, maana moja ikikatika kwa kutu, ya pili inabaki. Na kando ya kila koki, yaani bomba la kufungulia na kufungia maji yanayoingia kutoka nje ya boti, tulifunga kwa kamba kizibo cha mbao laini kilichochongwa kama karoti. Koki ikivunjika huanzi kutafuta kitambaa, kizibo kipo hapohapo unakipigilia.

Halafu unachomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi kwenye dizeli isikutishe. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe. Maji yameingia, ama gasketi ya silinda hedi ama kipozeo cha oili kimetoboka.

Koki ya maji ya kupozea: usiku tulikuwa tunaifunga, na ufunguo wa mashine tunautundika juu yake. Asubuhi huwezi kuchukua ufunguo bila kushika koki. Nahodha wangu wa kwanza alinifundisha hivyo, na sikuwahi kuwasha mashine kavu. Ukishawasha, nenda tezi ukaangalie maji yanatoka na moshi. Yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima.

Kuhusu pale maji yalipoingia kwa mama, panaitwa glandi. Ndani kuna kamba iliyopakwa mafuta inayobana shafti. Watu wengi wanaiharibu kwa kuikaza mpaka ikauke kabisa, wakidhani ndiyo kuitunza. Glandi ya kamba lazima idondoshe matone machache kwa dakika shafti ikizunguka, maji hayo ndiyo yanayoipoza. Ukiikausha inaungua na kuila shafti. Ikimwaga, kaza nati zote mbili sawasawa, kidogo kidogo, huku ukiishika kwa kiganja. Ikiwa ya moto, umezidisha.

Fundi wa Pasua

Shikamoo mzee. Vipande sikuhesabu. Niliokota vilivyokuwa ndani ya pampu, nadhani vinne. Mabawa yalikuwa sita.

Mzee wa Mashine

Marahaba mwanangu. Basi viwili vimeondoka na maji kabla pampu haijakauka, na vimesimama mahali penye tundu dogo. Angalia mdomo wa kipozeo, pale maji ya pampu yanapoingilia. Usiirudishe boti kabla hujaviona.

Fundi wa Unga Limited

Mzee ameongea mengi, naongeza moja tu ambalo mafundi wa magari tunalikosea. Nilipelekwa Tanga kutengeneza boti ya dizeli iliyogoma kuwaka. Nikapiga staata, napumzika, napiga tena, mara kumi na kitu. Nilichosahau ni kwamba kila nikipiga staata pampu inavuta maji na kuyamwaga kwenye silensa, na injini haijawaka kuwa na moshi wa kuyasukuma nje. Silensa ikajaa, maji yakarudi nyuma kupitia ekzosi mpaka kwenye silinda. Ghafla staata ikapiga "tok", injini haizunguki. Maji hayabanwi kama hewa. Ningeendelea kulazimisha, ningepinda koni rodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni.

Tulitoa nozeli zote zinazopulizia dizeli kwenye silinda, tukazungusha injini kwa mkono mpaka maji yakaruka nje, tukamwaga oili na kuibadilisha mara tatu. Ikapona kwa sababu tuliwahi siku hiyohiyo, ingelala na maji ya chumvi ingekufa. Kwa hiyo injini ikigoma, funga koki, toa maji kwenye silensa, halafu ndiyo utafute ugonjwa. Ikishika tu, fungua koki mara moja.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa upepo kwenye mfumo wa dizeli. Klipu moja ilikuwa imelegea kabla ya filta.

Wa Majengo

Ugonjwa wa boti za huku kwetu ni dizeli chafu. Inapelekwa bwawani kwa madumu kwenye bodaboda, dumu lililokuwa na maji jana leo lina dizeli. Mimi dumu nalilaza usiku kucha, asubuhi namimina taratibu na kuacha kikombe cha mwisho chini. Kile kikombe ukikiweka kwenye chupa nyeupe utaona maji yamekaa chini. Na tangi la boti silali nalo likiwa nusu, hewa ya ndani inatoa jasho usiku.

Muuguzi Moshi

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya mafundi. Mwaka juzi tulikwenda familia nzima Tanga, tukakodi boti yenye kibanda. Upepo ulikuwa unatoka nyuma. Watoto wawili wakalala kibandani, karibu na sanduku la injini. Baada ya saa moja hivi mkubwa akaamka analia kichwa, mdogo akatapika. Kila mtu akasema ni mawimbi. Lakini mimi mwenyewe niliyekuwa nimekaa nao kichwa kilikuwa kinagonga, na wale waliokuwa omo, mbele ya boti, kwenye upepo walikuwa wazima wanaimba.

Nikawatoa nje watoto wote, nikamwambia nahodha azime. Bomba la moshi lilikuwa na ufa nyuma ya sanduku. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mtoto aliyelala haamki kukuambia. Mkiona watu wa kibandani wanaumwa kichwa na walioko nje hawaumwi, msiwape dawa ya kichefuchefu. Watoeni kwenye hewa safi, zimeni injini, na wapelekeni hospitali hata wakisema wamepata nafuu.

Dogo wa Sakina

Dada, asante. Tuna boti ya kukodi tumepanga mwezi ujao, nitaangalia hilo sanduku kwanza.

Fundi wa Pasua

Wakuu, nimerudi. Leo asubuhi nimefungua kifuniko cha kipozeo. Kipande kimoja kilikuwa mdomoni kabisa, kimeziba vijibomba vitatu. Cha pili nilikitafuta mpaka saa nane mchana, nikakikuta kwenye kona ya mpira unaotoka kwenye pampu, kimekaa kama kifuniko: maji yakipita kidogo kinalala, yakizidi kinasimama na kuziba. Nimeviweka vyote sita mezani na kuvipanga kwenye kitovu cha impela, vimetimia.

Nimeijaribu tena, safari hii bomba la kuvutia nimelitumbukiza kwenye pipa la maji ili pampu ijivutie yenyewe. Imekaa dakika arobaini, mshale wa joto haukuvuka katikati. Seremala anamalizia kifuniko cha shafti, na nimemwambia achonge na vizibo viwili vya mbao. Jumamosi naipeleka Nyumba ya Mungu. Mama Perege, kama utakuwa Lang'ata siku hiyo, naomba uje uikague kabla abiria hawajapanda.

Mama Perege

Nitakuwepo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.