Ushuru wa magari umenifunga na Toyota NZE ya 2004, halafu ati gari kuukuu ni hatari!!

Wadau wa Kisumu na hii western yote, leo mniache nitoe hasira.

Asubuhi nimechemsha tena pale mlima wa Riat, ukitoka Mamboleo kwenda Kiboswa, mara ya tatu mwezi huu, matatu zinanipigia honi na makanga mmoja ananiuliza kama napika githeri kwa boneti. Gari ni NZE ya 2004, namba KBP, nilinunua 2011 nikasema miaka mitano nabadilisha. Hiyo miaka mitano imeenda ikarudi.

Na sio ati sikujipanga. Nimeweka pesa kwa sacco pole pole nikilenga Toyota Axio ya 2018, injini ya cc 1500, kitu ya kawaida tu sio ya kujionyesha. Jamaa wa kutoa magari bandarini akanipigia hesabu nikadhani amekosea. Hebu oneni. Chukua gari imethaminiwa laki 5, na hiyo thamani sio ile bei umelipa Japani, watu wa ushuru wako na orodha yao ya bei wanatoa hapo wanapunguza kulingana na umri, risiti yako ni ya kufungia mandazi. Ushuru wa forodha 35%, hiyo ni 175,000. Eksaizi, ule ushuru wa bidhaa, 20%, lakini sio ya laki 5, ni ya laki 5 pamoja na ule ushuru umeshalipa, 135,000. Halafu VAT 16% juu ya hayo yote, 129,600. Yaani kodi ya kodi ya kodi!! Weka IDF, ile ada ya fomu ya kuingiza mzigo, 2.5% na ile ada ya reli 2%, inafika 462,100. Reli jameni! SGR, hiyo reli mpya, ilifika Naivasha 2019 ikapumzika, sisi huku Kisumu tunalipia reli hatujawahi kuiona. Na hapo ni injini ndogo, ukipita 1500 eksaizi inakuwa 25% na kodi inashinda gari yenyewe, 501,250.

Kabla Julai 2023 huo wa forodha ulikuwa 25%. Kuna mtu kwa kilabu aliniambia ni asilimia kumi tu imeongezwa. Kumi ya nani? Kumi ya laki 5 ni elfu 50, lakini eksaizi na VAT nazo zinapanda juu yake, unatoa 69,600 zaidi. Hiyo ni karo ya mtoto.

Kinachoniuma kabisa ni hii. Sheria inasema gari ya kutoka nje isizidi miaka 8, ndio maana 2025 ilikuwa lazima iwe ya 2018 kuja juu, ati usalama, ati moshi. Sawa, nakubali kabisa. Lakini hiyo ya 2018 mmeiweka juu ya mti, sasa mimi naendelea na ya 2004 inayotoa moshi kama jiko la matanga. Hiyo barabara imekuwa salama wapi?

Na hizi zilizotumika hapa hapa wenyewe wameshajua mchezo, gari ya namba KCF imepigwa barabara ya Kakamega miaka kumi na mtu anataka karibu ile bei alinunulia, anajua huna pa kwenda. Hata hii yangu juzi mtu aliitajia bei nikashtuka, karibu niuze, halafu nikajiuliza nikishauza nitapanda nini, boda na watoto watatu?

Saa hii iko kwa fundi Kibuye boneti ikiwa juu, anasema redieta imekufa na gasketi pia anaishuku. Kama kuna mtu ako na redieta ya NZE ya kutoka Japani, sio zile mpya za kuvuja wiki mbili, aweke bei HAPA. Ukiniambia njoo inboksi tutakosana.