Kusajili chuo binafsi Dodoma: mtaji unaisha kabla hujaambiwa ndiyo wala hapana

Wakuu, habari za jioni.

Naufungua uzi huu kwa hasira na sitaificha. Mtu mwenye fedha halali anataka kufungua chuo kidogo cha ufundi stadi au cha ngazi ya kati hapa Dodoma. Inambidi apange jengo, alikarabati, anunue vifaa, aajiri walimu, ndipo aombe kukaguliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosajili vyuo hivi. Mkaguzi anakuja, anaangalia, na siku hiyo ndiyo mwombaji anasikia kwa mara ya kwanza kwamba jengo halifai. Kwa nini asiambiwe siku aliyokuwa bado na hela mfukoni?

Tupige hesabu, maana wengi wanadhani tunalalamikia ada ya fomu. Chukua jengo la pango la 2,000,000 kwa mwezi pale Kisasa au Nkuhungu. Walimu sita kwa mshahara wa 800,000 ni 4,800,000. Mchango wa mwajiri NSSF wa 10% ni 480,000, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi 0.5% ni 24,000. Jumla 7,304,000 kila mwezi, kabla hujamlipa mlinzi wala kununua chaki, na mwanafunzi hata mmoja hajaingia getini. Maombi yakikaa miezi minane, zimekwenda 58,432,000. Na udahili wa vyuo vya ngazi ya kati una misimu yake, wa Septemba na wa Machi. Kibali kikitoka wiki mbili baada ya dirisha kufungwa, unalisha walimu mpaka msimu unaofuata.

Kinachoua wengi hapa Dodoma ni ardhi. Nyumba nyingi zinazopangishwa zimejengwa kwenye viwanja vya makazi. Dalali atakwambia kiwanja ni cha "makazi na biashara, hakina shida". Kina shida! Matumizi ya elimu ni jambo jingine, na kuyabadilisha kunapitia Jiji: maombi ya mwenye hati, tangazo ili majirani watoe pingamizi kama wanalo, kisha kamati ya mipango miji inayokaa kwa ratiba yake yenyewe. Anayeomba ni mwenye hati, si mpangaji. Kwa hiyo baba mwenye nyumba asipotaka kuhangaika, au hati ikiwa bado ina jina la marehemu na mirathi haijafungwa, wewe umekwama na kodi umeshalipa. Kuna pia hati za zamani za miaka 33 za CDA, mamlaka iliyokuwa ikistawisha makao makuu Dodoma. CDA ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikaenda kwa halmashauri, lakini makaratasi ya wakati ule bado yako mikononi mwa watu. Kabla ya kulipa hata shilingi, omba kuona hati, soma sharti la matumizi, hesabu miaka iliyobaki, kisha fanya upekuzi ofisi ya ardhi. Nakala aliyokutumia dalali kwa WhatsApp isikutoshe.

Mkataba wa pango nao una mtego. Kampuni inayopanga inatakiwa kukata kodi ya zuio ya 10% ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, na mkataba unalipiwa ushuru wa stempu wa 1% ya pango la mwaka. Kwa mfano wetu, 200,000 kila mwezi inakwenda TRA na stempu ni 240,000. Wenye nyumba wengi wanataka fedha yao kamili mkononi na hawataki jina lao lionekane TRA. Matokeo yake mkataba unaandikwa kwa mkono, hauna stempu, na hauwezi kuwekwa kwenye faili la maombi. Maliza jambo hili kabla hujasaini.

Sasa jengo lenyewe. Mambo yanayokataliwa yanafahamika, na mengi ni madogo kama yangesemwa mapema. Milango ya madarasa inafunguka kwa ndani badala ya nje. Madirisha ya bweni yamefungwa nondo zisizofunguka, na moto ukishika hakuna pa kutokea. Ngazi ya mbao ya ghorofani ndiyo njia pekee ya kushukia. Mitungi ya kuzimia moto imenunuliwa mitano ya unga na kupangwa stoo, wakati ya unga ilipaswa kuning'inia kwenye korido na ya kabonidayoksaidi kuwa karibu na chumba cha kompyuta na swichi kuu ya umeme, yote ikiwa na tarehe ya huduma inayosomeka. Njia ya kiti cha magurudumu inamwagwa zege kwa mteremko wa kutisha. Kipimo kinachofuatwa ni 1 kwa 12. Nyumba zetu huku zina msingi mrefu kwa ajili ya maji ya mvua, na msingi wa sentimita 45 unahitaji njia yenye urefu wa mita 5.4. Wengi wanamwaga mita mbili halafu wanashangaa kukataliwa. Vyoo: kipimo kilichozoeleka mashuleni ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na nyumba ya familia ina matundu mawili, labda matatu. Maji ya mgawo yanataka tangi la akiba, tena kubwa.

Kwenye makaratasi, kinachoangusha watu ni jina. Jina lililoko BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, lililoko kwenye TIN, yaani namba ya mlipakodi, kwenye mkataba wa pango, kwenye barua ya benki na kwenye fomu ya maombi lazima yafanane herufi kwa herufi. Risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki ya kodi, za kompyuta, vyerehani au mashine za kuchomelea zitoke kwa jina la kampuni. Ukinunua kwa jina lako binafsi, kwa mkaguzi vifaa hivyo ni vyako wewe na chuo hakina kitu. Orodha ya vifaa isiandikwe "kompyuta za kutosha". Andika idadi, aina, namba ya kifaa na chumba kilipo, kwa sababu vinahesabiwa kimoja kimoja. Walimu wawe juu ya ngazi wanayofundisha, na kila mmoja awe na mkataba uliosainiwa na vyeti vilivyothibitishwa. Aliyesoma shahada nje ya nchi aanze mapema kutafuta utambuzi wa TCU, tume ya vyuo vikuu, asisubiri kuulizwa.

Mitaala ndipo vishoka wanapokula. Mtu anajiita mshauri, anachukua mamilioni, anakuletea mpango mkakati wa miaka mitano, kanuni za mitihani na ripoti ya soko la ajira alizonakili kwenye chuo cha mkoa mwingine. Kuna mafaili ya Dodoma ambayo ndani yake yanazungumzia bandari na uvuvi wa baharini! Ripoti ya soko la ajira inatakiwa ionyeshe waajiri wa hapa: wajenzi wa Mtumba kwenye mji wa serikali, hoteli, wakulima wa zabibu na alizeti, gereji za barabara kuu. Inatakiwa iwe na majina ya waliohojiwa na walichosema wanahitaji. Kazi hii timu ya chuo inaweza kuifanya yenyewe ikikaa chini na kutembea mjini.

Kuna mkanganyiko mwingine wa nani anasajili nini. Ufundi stadi ulikuwa chini ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa sheria ya mwaka 1994, na vyuo vya ngazi ya kati vilikuwa chini ya NACTE, baraza la elimu ya ufundi, kwa sheria ya 1997. Tangu mwaka 2021 NACTE imekuwa NACTVET, na usajili wa vyuo vya ufundi stadi umehamia huko. VETA imebaki na vyuo vyake na kazi zake nyingine. Mpaka leo kuna waombaji wanapeleka barua pasipohusika na kupoteza miezi, wakidhani barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ndiyo mwanzo wa usajili.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi kuliko vyote: kasoro kutolewa kwa vipande. Leo unaambiwa rekebisha milango. Umerekebisha, unaambiwa vyoo. Umejenga vyoo, anakuja mwingine anasema maktaba ni ndogo. Maktaba hiyo ilikuwepo siku ya kwanza, ukubwa uleule! Kila ziara ni barua mpya, kusubiri kupya, kupigwa kalenda upya. Wakati huo huo cheti cha zimamoto ni cha mwaka mmoja, kwa hiyo kinaisha ukiwa bado unasubiri kipande kingine, unarudi mwanzo wa foleni. Jengo moja linapitiwa na zimamoto, OSHA (usalama na afya mahali pa kazi), afya, mazingira na mamlaka ya elimu, kila mmoja siku yake, na wakati mwingine wanatofautiana juu ya mlango uleule. Serikali yenyewe ilipitisha MKUMBI, mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, mwaka 2018 kwa sababu ya mwingiliano wa namna hii.

Sitaki mtu aniambie tunataka viwango vishushwe. Hapana. Nondo za bweni ziondolewe, na asiye na walimu asisajiliwe. Tunachodai ni hiki. Jengo lipimwe kwa hati, michoro na picha kabla ya mkataba wa pango, na jibu litolewe kwa maandishi. Wakaguzi wote waje siku moja. Kasoro zote ziandikwe kwenye barua moja yenye tarehe, na ziara ya pili isiruhusiwe kuibua kitu kilichokuwepo ziara ya kwanza na hakikuandikwa.

Maana ucheleweshaji huu ndio unaozalisha vyuo vya mfukoni. Mwenye jengo anachoka kulisha walimu, anabandika bango, anaanza kupokea ada "wakati usajili unashughulikiwa". Huo ni wizi kwa watoto wa watu na nausema bila kumung'unya maneno. Kijana anakaa miaka miwili mitatu, anatoka na karatasi. Akitaka kuendelea chuo kikuu kwa stashahada anadaiwa AVN, namba ya uhakiki wa tuzo, na haipati kwa sababu chuo hakikuwa kwenye mfumo. Wazazi wa Kondoa, Mpwapwa na Bahi wameuza mbuzi na ng'ombe kwa ajili ya karatasi hiyo. Mzazi, kabla ya kulipa, angalia kama chuo na kozi yenyewe vimo kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka huo. Angalia kozi, si chuo tu, maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi unayoitaka isiwe na kibali.

Nyongeza, kwa walioniuliza PM kuhusu vyuo vya afya: huko ongeza Wizara ya Afya na mabaraza ya taaluma husika, pamoja na makubaliano ya maandishi na hospitali kwa mafunzo kwa vitendo. Anza na hospitali. Uliza wodi zake zinabeba wanafunzi wa vyuo vingapi tayari, kwa sababu vitanda ni vilevile na vyuo vinavyovigombea ni vingi. Ukikosa hospitali, usipange jengo.