Mjadala: Kitabu kikisambaa bure, nani amelipa?

Juzi niliingia steshenari moja karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kutoa kopi. Kijana aliyenitangulia akamkabidhi muuzaji simu: "Nitolee chote." Nikachungulia. Kilikuwa kitabu changu cha hadithi, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na pembeni kidole gumba cha mpigaji kinaonekana.

Rafiki niliyemsimulia alisema maarifa ni ya wote, mwandishi anayedai malipo ni mchoyo. Haya, tuhesabu. Kijana amelipia bando, kampuni ya simu imepata chake. Amelipia kopi, mwenye mashine amepata chake. Aliyekosa ni mimi niliyekopa kikoba ili nichapishe nakala 500, na mpaka leo maboksi mawili yako uvunguni.

Sikatai vya bure. Taasisi ya Elimu inaweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao, na ni sawa kabisa: gharama ya kuviandika imebebwa na umma. Hadithi za watoto za African Storybook, mwalimu wa Chamwino anaruhusiwa kuzitafsiri kwa Kigogo na kuzichapa. Leseni za Creative Commons, yaani ruhusa za wazi za kutumia kazi bure kwa masharti, zilizoanza kutolewa 2002, zinamwachia mwandishi jina lake na uamuzi kama kazi ifanyiwe biashara. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwandishi haki hiyo maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya hapo. Ninachokataa ni kuamuliwa na mwenye kidole gumba. Ninyi mnaonaje?

Mwalimu, Mpwapwa: Pole, mwandishi. Lakini shuleni kwangu hakuna maktaba, na kitabu chako sijawahi kukiona dukani huku. Kilichotufikia ni PDF ya hizo hizo picha. Niliwasomea Darasa la Sita kwenye simu. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia, hakuna aliyeinuka. Ulitaka niifute?

Mwanzisha mjadala: Hapana mwalimu, usifute. Nilikuwa nawaza wanaokwepa kununua, sikuwaza wasio na pa kununulia. Ruhusa ya kusomea darasani nakuandikia leo. Ya kuuza kopi, hapana. Tena nitakutumia faili langu mwenyewe, maana hilo limeruka ukurasa wa 61 na 62, na hapo ndipo yule mama wa kwenye hadithi anapopata maji.