Naomba ushauri: barua za Jaji John Marshall nizipange kwa tarehe au kwa mada?

Ndugu wapenzi wa historia na sheria, salaam. Ninaandaa makala kuhusu barua za John Marshall, Jaji Mkuu wa Marekani kuanzia 1801 hadi 1835, nami nimekwama kwenye mpangilio. Nilikusudia kutenga barua alizomwandikia mkewe Polly na zile zinazohusu ardhi ya Fairfax kule Virginia, ambayo yeye na nduguye James walikuwa na maslahi nayo kiasi kwamba Marshall hakuketi kusikiliza kesi kuhusu ardhi hiyo mwaka 1816. Lakini barua ya Januari 1803 kutoka Raleigh, mji wa North Carolina alikokwenda kuendesha mahakama, inanitatiza: anamweleza mkewe jinsi dola 15 za fedha zilivyotoboa mfuko wa kizibao, uliokwisha kushonwashonwa, zikapotea, na jinsi alivyofungua mzigo asikute suruali hata moja, huku mafundi cherehani wa mji wakiwa wameelemewa na kazi. Je, hiyo ni ya nyumbani au ya kikazi? Kwangu ni zote mbili, tena ndiyo tamu kuliko zote. Wenye uzoefu wa kuhariri nyaraka, mnanishauri nifuate tarehe tu, au nigawe kwa mada na kuweka faharasa mwishoni?