Nimekatwa kodi mpaka kwenye hela aliyochukua wakili. Hii ni haki gani?

Wakuu, hili limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita, leo nalitoa.

Nimefanya kazi miaka tisa kwenye ghala la korosho hapa Mtwara. Mshahara wangu wa mwisho ulikuwa laki tisa. Msimu unaanza tu nikaachishwa kwa barua ya mistari minne, bila kikao, bila kuulizwa lolote. Nikajaza fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, ndani ya zile siku 30, usuluhishi ukashindikana, tukaingia kwenye uamuzi, nikashinda. Tuzo ilikuwa mishahara ya miezi 12, yaani 10,800,000. Mwajiri akakimbilia Mahakama Kuu kuomba mapitio, na huko nako akashindwa.

Najua kuna watakaouliza kwa nini niliweka wakili. Kwenye Tume nilijisimamia mwenyewe. Mahakama Kuu upande wa mwajiri walikuja na mawakili wawili kutoka Dar, na mimi sheria siijui. Mama yangu kule Nanyamba aliuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, kabla hata ya mnada wa kwanza, ili nipate cha kumtangulizia wakili. Tulipatana 2,500,000, juu yake VAT ya asilimia 18 ambayo ni 450,000. Jumla 2,950,000. Risiti ya EFD ninayo. Na hela hiyo huwezi kumdai uliyemshinda, maana kwenye kesi za kazi mahakama haiamuru mtu alipwe gharama isipokuwa kama kesi ilikuwa ya kipuuzi au ya kusumbua.

Siku ya malipo napewa karatasi: PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, 3,068,000.

Nilidhani wamekosea sifuri. Nikauliza, nikaonyeshwa hesabu. Wamechukua jedwali la kodi la mwezi wakaniweka kama mtu anayelipwa milioni kumi na laki nane KWA MWEZI: 128,000 kwa milioni ya kwanza, kisha asilimia 30 kwa 9,800,000 iliyobaki. Mtu wa laki tisa kwa mwezi, hata usipoutoa mchango wa hifadhi ya jamii (NSSF) kwanza, anakatwa 103,000. Zidisha mara 12, unapata 1,236,000. Jedwali la mwaka nalo lipo, na ile asilimia 30 inaanzia kwenye kinachozidi 12,000,000. Mimi hela yangu yote haifiki hapo, na mwaka huo sikuwa na mshahara mwingine hata wa siku moja! Hiyo 1,832,000 ya ziada nimekatwa kwa kosa gani?

Hilo la jedwali naweza kulipigania kwa barua. Linalonikosesha usingizi ni hili la wakili.

Sheria ya Kodi ya Mapato inasema malipo ya kupoteza ajira ni mapato ya ajira. Sawa, sibishani. Lakini kwenye 10,800,000 yangu, 2,950,000 haikukaa mfukoni mwangu. Bila hiyo tuzo ingefutwa na nisingepata hata shilingi. Kodi imepigwa kwenye yote, kwa sababu kutoa gharama kabla ya kodi ni haki ya mwenye biashara na mwenye uwekezaji, mwajiriwa hana. Mwajiri aliyenifukuza kinyume cha sheria, ada za wale mawakili wake wawili anaziandika kama gharama za biashara na kodi yake inapungua. VAT waliyomtoza, kama kampuni imesajiliwa, anaidai. Mimi niliyeonewa siandiki, sidai. Wakili wangu naye analipa kodi kwa ile ile 2,500,000. Hela moja imekatwa kwangu, ikakatwa kwake, na VAT nimebeba mimi.

Marekani walishagombana na jambo hili hili. Mahakama yao ya Juu iliamua Januari 2005 kwamba fungu la wakili linahesabiwa kuwa mapato ya mteja, kama tunavyofanyiwa sisi. Lakini Bunge lao lilikuwa limeshapitisha sheria Oktoba 2004 inayomruhusu mtu wa kesi ya kazi kutoa ada ya wakili kabla ya kodi. Waliona kuna watu wanashinda kesi halafu wanabaki mikono mitupu. Kwetu kinahitajika kifungu kimoja tu kwenye Sheria ya Fedha, na sheria hiyo inapitishwa kila mwaka!

Kilichobaki mkononi ni 4,782,000. Chini ya nusu. Hapo sijatoa nauli, sijatoa fotokopi, sijamrudishia mama hela ya korosho zake, na nimekaa karibu miaka miwili bila kazi.

Wabunge wetu wa Kusini, mnaposimama bungeni kuongelea korosho, waongeleeni na wanaozibeba maghalani.

Jumatatu napeleka barua ya kudai marejesho, hesabu ya jedwali la mwaka nimeiambatanisha. Aliyewahi kulipwa tuzo ya Tume, awe Lindi, Masasi au popote, aniambie alikatwa kwa jedwali lipi, na kama alirudishiwa, aliambatanisha karatasi gani.